Kategoria, Mti au Lebo: Ipi Inakufaa Kupanga Ripoti za Hitilafu?

Timu yoyote inayotengeneza programu hufika mahali ripoti za hitilafu zikazidi kumbukumbu ya mtu yeyote. Hapo mabishano huanza. Mmoja anataka zipangwe kwa kurasa za programu, mwingine kwa timu, wa tatu anasema kategoria hazina kazi, lebo zatosha. Kila mmoja ana hoja, na mifumo inayotumika sana duniani imejengwa juu ya hoja hizo hizo.

Nitazipanga bega kwa bega, ila kwanza niseme ninakoegemea. Kwa maoni yangu kategoria kuu ya ripoti ina kazi moja tu: kujibu swali "nani aifungue hii kwanza?" Aina ya tatizo, uzito wake, toleo la programu, kivinjari kilichotumika, hayo yote yana mahali pake pengine. Ukiyarundika kwenye orodha moja, ukapata majina kama "Malipo", "Haraka", "Simu" na "Maboresho" yakifuatana, basi hata ukihamia mfumo wa bei gani tatizo litahama nawe.

Orodha fupi isiyo na ngazi

MantisBT, mfumo wa kupokea ripoti za hitilafu ulioanza mwaka 2000, hufuata njia hii, na Redmine, mfumo mwingine wa aina hiyo, pia. Kila mradi una orodha yake ya kategoria, hakuna matawi chini yake, na ripoti huchukua kategoria moja. Kategoria inaweza kufungwa kwa mtu: ripoti ikiingia chini ya "Malipo" inamwendea moja kwa moja anayeshughulikia malipo, bila mtu wa kati. MantisBT pia ina kategoria za jumla zinazoonekana kwenye miradi yote.

Uzuri wake ni kwamba anayeripoti hahitaji kufundishwa. Anaona majina manane au kumi, anachagua, anaendelea. Kwa timu yenye programu moja sijaona sababu ya kutafuta kikubwa zaidi ya hiki.

Shida huja miradi inapoongezeka, kwa sababu kila mradi hujitungia majina. Huyu ana "Taarifa", yule ana "Ripoti", mwingine "Ripoti na Taarifa", na wote wanazungumzia ukurasa ule ule. Kwenye Redmine jambo hili huuma zaidi: ripoti ikihamishwa kwenda mradi mwingine, mfumo hutafuta kule kategoria yenye jina lile lile, na isipokuwepo, ripoti hubaki bila kategoria. Kwa hiyo tahajia tu ya jina inaamua kama ripoti itamfikia mtu au itakaa bila mwenyewe. Ukiichagua njia hii ukiwa na miradi zaidi ya mmoja, andika majina ya pamoja mapema na umpe mtu mmoja mamlaka ya kuyalinda.

Mti wa bidhaa na sehemu

Bugzilla, mfumo wa ripoti uliotokana mwaka 1998 na mradi wa Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ndio mfano unaojulikana zaidi. Juu kuna bidhaa, chini yake sehemu za bidhaa hiyo, na kwa wanaotaka kuna ngazi ya tatu inayokusanya bidhaa zenye undugu. Kila sehemu ina maelezo yake, mtu anayepokea ripoti mpya kwa chaguo-msingi, na ukitaka, mtu wa kuhakiki ubora na orodha ya watu wanaotumiwa nakala. Chromium, mradi wa kivinjari ambao Chrome imejengwa juu yake, nao wana mti wao, wenye majina kama Blink>CSS, ambapo mshale unaonyesha ngazi.

Nguvu ya mti ni uwajibikaji. Ripoti haiwezi kuingia bila kuwa chini ya sehemu fulani, na sehemu hiyo ina watu wake. Ila kilichonishawishi zaidi ni namna miradi hii miwili ilivyoufunga mti kwenye msimbo wenyewe. Katika msimbo wa Firefox, faili za moz.build zina mistari ya BUG_COMPONENT inayotaja bidhaa na sehemu ya Bugzilla inayohusika na faili zilizo kwenye folda ile. Chromium hufanya vivyo hivyo kwa faili ziitwazo DIR_METADATA. Maana yake, ukishajua ni faili gani imeharibika, huhitaji kumuuliza mtu ripoti iende wapi. Jibu limelala kando ya msimbo, na linapitia ukaguzi ule ule unaopitiwa na mabadiliko mengine. Folda ikihamishwa, anayeihamisha anaona mstari huo mbele ya macho yake. Orodha iliyofichwa kwenye ukurasa wa msimamizi haina bahati hiyo, huzeeka kimyakimya.

Udhaifu wake uko upande wa pili wa mlango, kwa anayeripoti. Mtumiaji anaona ukurasa mweupe. Hajui kama kosa ni la mtandao, la uchoraji wa ukurasa au la kumbukumbu, na si kazi yake kujua. Ukimlazimisha achague kati ya matawi mia, atachagua tawi lenye neno alilowahi kulisikia. Mozilla walilikubali jambo hili waziwazi: bidhaa ya Firefox ina sehemu iitwayo Untriaged, yaani ripoti ambazo bado hazijachambuliwa. Mwaka 2019 walitangaza pia BugBug, programu ya kujifunza kwa mashine inayosoma ripoti hizo na kukisia bidhaa na sehemu yake; isipokuwa na uhakika wa kutosha, inaziacha kwa binadamu. Hiyo ndiyo gharama ya mti mkubwa. Unahitaji watu wa kuuhudumia kila siku, au mashine iliyofunzwa kwa maamuzi ya watu hao.

Hapa kuna tofauti ndogo ambayo timu nyingi huipita bila kuiona. "Hazijachambuliwa" na "Mengineyo" zinafanana kwa sura tu. Ya kwanza ni foleni: ripoti inaingia ikijulikana kwamba itatoka, na foleni ikirefuka kila mtu anajua kuna kazi imelala. Ya pili ni kituo cha mwisho. Ripoti iliyokwisha pangwa "Mengineyo" imeshapata jibu kwenye makaratasi, kwa hiyo hakuna anayerudi kuitazama. Mfumo wowote utakaouchagua, weka ya kwanza na uikatae ya pili.

Lebo huru

GitHub, mtandao wa kuhifadhi msimbo pamoja na ripoti zake, haukuanza na kategoria. Ulianza na lebo. Ripoti moja inaweza kubeba lebo nyingi, hakuna ngazi, na timu huunda ilizozitaka. Kwa hitilafu inayovuka mipaka, mathalani inayotokea kwenye malipo kwa sababu ya tafsiri mbovu ya tarehe, lebo mbili zinasema ukweli ambao kategoria moja ingeuficha.

Hazina mpya ya msimbo huko huja na lebo tisa tayari: bug, documentation, duplicate, enhancement, good first issue, help wanted, invalid, question na wontfix. Zitazame vizuri. Bug, enhancement, question na documentation zinaeleza aina ya ripoti. Duplicate, invalid na wontfix zinaeleza uamuzi uliofikiwa. Good first issue na help wanted ni mwaliko kwa wachangiaji. Ni maswali matatu ndani ya kapu moja, na hakuna hata lebo moja inayosema ni sehemu gani ya programu imeharibika wala ni nani wa kuitazama. Timu inayozichukua kama zilivyo na kudhani imeshapanga ripoti zake haijaanza kupanga.

Jambo jingine: mtu wa nje anayeripoti hawezi kubandika lebo mwenyewe kwenye hazina ambayo hana ruhusa nayo. Fomu ya ripoti inaweza kuambatanisha lebo kwa niaba yake, lakini bila fomu, ripoti huingia uchi. Kategoria ya lazima hukupa jibu baya mara nyingine. Lebo ya hiari hukupa ukimya. Ukimya ni mgumu zaidi kuugundua, kwa kuwa ripoti isiyo na lebo haitokei kwenye utafutaji wowote wa lebo.

Lebo za Jira, mfumo wa kibiashara wa kufuatilia kazi na ripoti, zina maradhi yake. Hutenganisha herufi kubwa na ndogo, hazikubali nafasi ndani ya jina, zinashirikiwa na miradi yote, na anayeweza kuhariri ripoti anaweza kuzaa lebo mpya kwa kuiandika tu. Matokeo yake ni malipo, Malipo, malipo_kadi na malipo-kadi kukaa pamoja, kila moja na ripoti zake. Anayetafuta moja anaona sehemu tu ya tatizo na kudhani ameona lote. Kwa sababu hiyo, kwenye Jira napendekeza swali la "nani" lijibiwe kwa vijenzi vya mradi, yaani orodha ya sehemu zake, ambavyo huundwa na msimamizi na vina kiongozi wake, na lebo ziachiwe kazi za muda: maandalizi ya toleo fulani, usafi wa wiki fulani, kisha zifutwe.

Lebo zenye kiambishi

Kati ya mti na lebo huru kuna njia ambayo nadhani ndiyo bora kwa miradi ya wazi yenye watu wengi. Lebo zinabaki lebo, ila kila moja huanza na neno linalosema inajibu swali gani. Kubernetes, mradi wa programu ya kuendesha programu nyingine kwenye seva nyingi, wana kind/ kwa aina, sig/ kwa kundi linalowajibika, area/ kwa eneo la msimbo na priority/ kwa kipaumbele. Rust, lugha ya kuandikia programu, wanatumia herufi: A- kwa eneo, T- kwa timu, C- kwa aina, P- kwa kipaumbele, na kadhalika. GitLab, mfumo unaofanana na GitHub, una kwenye vifurushi vya kulipia lebo zenye nukta pacha mara mbili (::) katikati ya jina. Ukibandika ya pili yenye mwanzo ule ule, ya kwanza inaondoka yenyewe, kwa hiyo ripoti haiwezi kuwa na vipaumbele viwili kwa wakati mmoja.

Tazama kwamba Kubernetes na Rust wote wametenga eneo na timu. Si urembo. Timu huvunjwa, huungana, hubadili jina. Eneo la msimbo hudumu zaidi. Kategoria zilizopewa majina ya timu hulazimika kubadilishwa kila uongozi unapopanga watu upya, na historia ya ripoti inakatika katikati. Ipe kategoria jina la kitu, kisha uandike pembeni ni nani anayekishika leo.

Njia hii pia inatatua kizuizi cha mtu wa nje. Kwenye Kubernetes, ripoti mpya hupewa na roboti, yaani programu inayojiendesha, lebo ya needs-triage (inahitaji kuchambuliwa), na mtu anaweza kuandika kwenye maoni mstari kama /sig network au /kind bug, roboti ikabandika lebo inayofaa. Orodha nzima ya lebo imeandikwa kwenye faili moja, ikasambazwa kwenye hazina zote kwa programu maalumu. Lebo ikibadilishwa jina, jina la zamani huandikwa kwenye faili hilo hilo, na programu inahamisha ripoti zilizokuwa nalo. Hapo hakuna cha "nani aliongeza lebo hii?" kwa sababu kila lebo ina historia ya mabadiliko kama msimbo mwingine.

Gharama yake ni kwamba lazima uwe na roboti na mtu wa kuitunza. Timu ya watu wanne itachoshwa na viambishi sita kabla ya kufaidika navyo. Viwili vinatosha, eneo na aina.

Aina na uzito visikudanganye

Katika njia zote nne, watu hupenda kuifanya aina ya ripoti kuwa kategoria kuu: hitilafu, ombi, swali. Inaonekana ya maana, lakini ndiyo taarifa isiyoaminika kuliko zote ripoti inapoingia. Mwaka 2013 Herzig, Just na Zeller walichapisha uchunguzi wa ripoti zaidi ya 7,000 kutoka miradi mitano ya programu huria, zilizosomwa moja moja kwa mkono. Asilimia 33.8 ya zilizoitwa hitilafu hazikuwa hitilafu. Zilikuwa maombi, marekebisho ya maelezo au usafi wa msimbo. Ikiwa theluthi ya jibu ni potofu, huwezi kulifanya jibu hilo kuwa mlango wa kuingilia. Acha aina iwe uga wa pembeni, yaani nafasi ya kujazwa kwenye ripoti, unaothibitishwa na anayechambua.

Uzito nao uwe na uga wake. Debian, mradi wa mfumo endeshi wa Linux ambao mfumo wao wa hitilafu ulianzishwa na Ian Jackson mwaka 1994, wana viwango saba, kuanzia critical (hatari kabisa) hadi wishlist (matakwa tu), na ripoti hupangwa chini ya kifurushi cha programu bila kujali uzito. Kifurushi kina mtunzaji wake, kwa hiyo swali la "nani" limejibiwa kabla ya lolote. Kwa yasiyo na kifurushi wakabuni vifurushi vya kufikirika, wakavitumia kwa njia ile ile. Kwa mradi wenye vipande vingi vinavyojitegemea, sijui mpango ulio wazi zaidi ya huo.

Siku ya kufuta ndiyo mtihani

Watu hulinganisha mifumo hii kwa urahisi wa kuunda kategoria. Mimi ningelinganisha kwa urahisi wa kuistaafisha, maana kategoria ya mwaka huu itakuwa kero baada ya miaka mitatu.

GitHub ukifuta lebo, inang'oka kwenye ripoti zote, na mfumo haukuulizi ungependa ziende wapi. Ukibadilisha jina, hata hivyo, jina jipya linaonekana kila mahali papo hapo, kwa hiyo kubadilisha jina ni salama na kufuta ni hatari. Redmine hukuuliza: kategoria ina ripoti, je, zihamishiwe kategoria gani, au ziachwe bila? Jira hufanya hivyo kwa vijenzi vya mradi. Bugzilla ni mkali kuliko wote. Sehemu yenye ripoti haifutiki mpaka msimamizi awe ameruhusu ufutaji wa ripoti zenyewe, kwa kuwa kufuta sehemu huko ni kufuta kila kilichomo. Badala yake unaifunga isipokee ripoti mpya, na za zamani zinabaki zilipo, zikitafutika.

Huo wa Bugzilla ndio ninaoupenda. Mtu atakayekutana na hitilafu inayofanana na ya miaka mitano iliyopita anahitaji kuikuta ya zamani mahali ilipokuwa. Kama mfumo wako hauna kitufe cha kufunga, iga: badilisha jina la lebo, weka neno kama "zamani" mwanzoni, uiondoe kwenye fomu.

GitLab una zana nzuri ya kuunganisha. Lebo ya mradi inaweza kupandishwa iwe ya kundi zima, na lebo zenye jina lile lile kwenye miradi mingine ya kundi hilo huungana nayo. Ila hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba majina yanayofanana yana maana inayofanana.

Kwa hiyo uchague ipi?

Programu moja, timu moja: orodha fupi, majina yasiyozidi kumi hivi, kila jina na mtu wake. Miradi mingi chini ya taasisi moja yenye timu zinazojulikana: mti wa ngazi mbili, usiongeze ya tatu, na uufunge kwenye folda za msimbo kama wanavyofanya Firefox na Chromium. Mradi wa wazi unaopokea wachangiaji wasiojuana: lebo zenye kiambishi, na roboti. Lebo huru peke yake sizipendekezi kwa yeyote mwenye ripoti zaidi ya anazoweza kuzisoma kwa mkao mmoja.

Ukishachagua, andika maelezo ya kila kategoria kwa sentensi mbili: nini kinaingia, na nini hakiingii ingawa kinafanana. Mfano: "Kuingia: kila kinachotokea kuanzia mtumiaji anapoandika nenosiri hadi anapofika ukurasa wa kwanza. Si hapa: ujumbe wa kubadili nenosiri usiofika, huo ni wa Arifa." Sentensi ya pili ndiyo inayozuia timu mbili kurushiana mpira. Bila hiyo, ripoti hutoka Kuingia kwenda Arifa, ikarudi Kuingia, na mtumiaji aliyeiandika anapokea ujumbe wa kila safari bila kuona tatizo likitatuliwa. Historia ya mabadiliko ya ripoti inaonyesha safari hizo. Pitia zile zilizobadilishwa kategoria mara mbili au zaidi. Mpaka unaovuja utauona mara moja.

Na kama tayari una kategoria themanini zisizo na mpangilio, usianze kwa kufuta. Zuia kwanza uundaji wa mpya, iwe mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Toa orodha nzima kwenye lahajedwali, safu ya kushoto majina ya sasa, safu ya kulia yatakakokwenda, na idadi ya ripoti zilizo wazi katikati. Anza na zilizo wazi tu. Zilizofungwa zinaweza kubaki na majina ya zamani bila kumdhuru mtu. Unapohamisha nyingi kwa mpigo, zima taarifa za barua pepe. Jira ina kisanduku cha kufanya hivyo kwenye hatua za mabadiliko ya pamoja, na ukikisahau kila anayefuatilia ripoti hizo atapokea rundo la ujumbe asubuhi moja, na kesho yake ataweka kichujio kinachotupa ujumbe wote wa mfumo, pamoja na ule uliotaka auone.